Maswali yenu: mbona mji wa kwenye ramani haufanani na huu tunaoishi?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya miji endelevu nikadhani nitapata barua mbili tatu za watu wa fani, kumbe nimechokoza nyuki. Zimekuja za wanafunzi, za wapangaji wa nyumba, za injinia mwenye hasira zake, na karibu zote zinazunguka hapo hapo, kwamba vitabuni ni hivi, ofisini ni vile, na mtaani watu wanaishi kivyao wala hawajui kama kuna mpango wowote. Nimejibu zile nilizoona zina nyama. Majina ni yale mliyojipa wenyewe, mi sijaongeza kitu.

SWALI: Habari za kazi. Nasoma mipango miji mwaka wa mwisho, saa hizi niko fildi. Darasani tumekaririshwa jiji la dakika 15, matumizi mchanganyiko ya ardhi, lengo namba 11 la maendeleo endelevu, vyote hivyo. Hapa ofisini wiki ya nne sasa, kazi ni kukagua vibali vya ujenzi na kusuluhisha majirani wanaogombania mpaka. Nilimuuliza bosi zile nadharia tunazitumia lini, akacheka, akasema "hizo ziache chuo". Sasa nimesoma miaka yote hiyo ya nini? — Mwanafildi Aliyekata Tamaa

JIBU: Pole mdogo wangu. Ila wewe na bosi wako mmekosea wote wawili, tena kosa lenu ni moja, mnaamini nadharia ni kitu cha chuo. Hebu tuangalie imezaliwa wapi. Miaka ya 1970 kulikuwa na bwana anaitwa William Whyte, hakuwa hata msanifu, alikuwa mwandishi wa majarida, akawa na kaswali kamoja kanamsumbua. New York ilikuwa na kanuni tangu 1961 kwamba mwenye ghorofa akiacha kiwanja cha wazi chini kwa ajili ya umma anaruhusiwa kuongeza sakafu juu, basi viwanja vikajengwa kibao, lakini vingine mchana vinajaa hadi pa kupita hamna na vingine viko tupu kama makaburini, wakati kanuni ni ile ile. Kwa nini? Akafunga kamera huko juu, vijana wake wakakaa chini na madaftari wanahesabu nani kakaa wapi, saa ngapi, kaja peke yake au na mwenzake. Walidhani jibu litakuwa jua, au ukubwa wa kiwanja, au umbo lake. Lililojitokeza wazi kuliko yote linachekesha kabisa: watu wanakaa pale penye pa kukaa. Ngazi, kingo pana ambazo hazijachomekwa vyuma vya kufukuza watu, viti vya kusogezwa. Mwaka 1975 jiji likarekebisha kanuni, ukitaka sakafu za ziada lazima uweke sehemu za kukaa.

Hiyo leo mnafundishwa kama nadharia na mtihani mnatungiwa, lakini ilianza na kijana aliyekaa juani anahesabu makalio ya watu.

Na hivyo vibali unavyovidharau ndo hasa mahali mji unapojengwa. Mpango kabambe unatoka mara moja kwa miaka mingi na wakubwa wanapiga nao picha, kibali kinatoka kila siku. Chukua faili moja la jengo la biashara ulisome mstari kwa mstari, kuna mahali patakuwa pameandikwa lazima liwe na maegesho kadhaa kwa kila mita za mraba kadhaa. Mstari mmoja tu. Sasa gari moja likipaki, ukijumlisha na nafasi ya kugeuzia, linakula kama mita za mraba 25 hadi 30 hivi, yaani chumba na sebule ya mtu, zidisha mara magari yote yanayodaiwa na kanuni uone kama kile kibarabara chenye maduka yaliyobanana, ambacho watu wanatembea kwa miguu, unaweza kukipata hapo. Huwezi, jengo litarudi nyuma kabisa na mbele itakuwa lami tupu. Donald Shoup, profesa wa mipango miji kule Marekani, alitumia miaka na miaka akipigana na hicho kifungu kimoja tu, kitabu chake cha 2005 ni kinene kama tofali, na mwaka 2017 jiji la Buffalo kule Marekani likafuta kima cha chini cha maegesho mji mzima, Mexico City nao mwaka huo huo wakageuza kima cha chini kikawa kima cha juu. Sasa huko si kuleta nadharia ofisini? Imeingia kupitia kwenye kibali, hakuna mlango mwingine.

Hilo jiji la dakika 15 la Carlos Moreno, yule profesa wa Paris, unalolikariri, kwamba shule, kazi, zahanati na duka viwe karibu na mtu, haliwezi kuwepo hata kwa dawa kama kanuni ya hapo ofisini kwenu inakataza duka chini ya nyumba ya kuishi. Kwa hiyo fanya hivi: wiki hii chukua faili kumi zilizopita mezani kwako, andika pembeni ni kifungu kipi kinazuia kitu gani ulichofundishwa. Usibishane na bosi. Andika tu. Ukifika faili la kumi utakuwa na ripoti ya fildi ambayo hata yeye hajawahi kuiona, na nahisi ataisoma mara mbili.

SWALI: Tuliitwa kikao cha wananchi kuhusu mpango mpya wa mtaa wetu. Viti vimepangwa, michoro mizuri ukutani, ina miti na watu wanatembea na watoto. Tukapewa karatasi ya mahudhurio tukasaini. Baadaye nikaja kujua mpango ule ulishapitishwa miezi kabla ya kikao. Je, huo ndo ushirikishwaji? — Nilisaini Bila Kujua

JIBU: Mlikuwa mashahidi, siyo washiriki. Mwaka 1969 mama mmoja Mmarekani, Sherry Arnstein, aliyewahi kufanya kazi serikalini kwenye miradi ya kuboresha miji, alichora ngazi yenye vipandio 8 vya ushirikishwaji. Viwili vya chini kabisa akasema havistahili hata kuitwa ushirikishwaji, ni kuwachezea watu akili na kuwatibu kama wagonjwa. Katikati kuna kupewa taarifa, kuulizwa maoni, kutulizwa kwa kupewa kiti kimoja viwili kwenye kamati, halafu huko juu ndo unakuta ubia na madaraka kukabidhiwa na mwisho wananchi kushika usukani. Kikao chenu, kwa unavyokielezea, mguu ulikuwa bado uko chini haujagusa ngazi.

Mara ya pili mkiitwa, kabla hata projekta haijawashwa nyoosha mkono uliza: hapa tunapozungumza, ni kitu gani bado kinaweza kubadilika? Swali hilo lina adabu zake wala halimtukani mtu. Wakisema "rangi ya vibaraza" basi mmejua mmeitwa kuchagua rangi. Mwombe ajibu kwa maandishi na jibu lipigwe picha.

Ila na mimi nina neno kwenu wakazi. Mtu anayekuja kikaoni ni mwenye muda na mwenye sauti, na huyo si mtaa mzima. Vienna mwishoni mwa miaka ya 1990 walichunguza bustani zao wakakuta wasichana wakishafika miaka 9 hivi wanaanza kupotea, wavulana wanabaki. Hakuna binti wa miaka 10 anayekuja ukumbini kusema "mimi siji kwa sababu uwanja wote wameukamata wa mpira". Ilibidi watu waende wakahesabu. Wakaongeza njia na viwanja vya mpira wa wavu na badminton, lile eneo moja kubwa wakaligawa kwa bustani ili kundi moja lisilitawale lote, na wasichana wakarudi. Kwa hiyo ukumbi tu hautoshi, hata ukumbi wa haki.

Kuna na mfano mwingine naupenda sana, Orangi pale Karachi, Pakistan. Mtaa mkubwa uliojijenga wenyewe, haukuwa na mfumo wa majitaka. Mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan akaanzisha mradi, na alichofanya kwanza ni kuzungumza na watu kichochoro kwa kichochoro, kila kichochoro nyumba ishirini thelathini hivi wanachagua msimamizi wao, wanachanga, wanachimba, wanalaza bomba lao. Mafundi wa mradi kazi yao ikawa kupima miinuko, kuchora, na kurahisisha mfuniko na chemba hadi gharama ikashuka mara kadhaa chini ya ile ya serikali. Mabomba makuu na mitaro mikubwa ikabaki kazi ya serikali. Sizungumzii kwamba watu maskini wajihudumie wenyewe kila kitu, hapana, hilo linaniudhi likitumika kama kisingizio. Nazungumzia kwamba mchoro ulibadilika kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anauliza "hiki kinanigharimu nini", na injinia akalazimika kujibu.

SWALI: Nyinyi watu wa mipango mna maneno matamu. Mimi ni injinia wa barabara miaka 22. Magari yapo, foleni ipo, napanua barabara. Hizo za kusema ukipanua barabara foleni inaongezeka ni hadithi za semina, hesabu haikubali. — Injinia Mstaafu Mtarajiwa

JIBU: Heshima yako mzee wangu, lakini hesabu inakubali, tena aliyeanza kuionyesha ni mtu wa hesabu mwenyewe. Dietrich Braess, Mjerumani, mwaka 1968 alionyesha kwenye karatasi kwamba kwenye mtandao wa barabara unaweza kuongeza barabara moja mpya na kila dereva akachelewa zaidi, kwa sababu kila mmoja anachagua njia inayomfaa yeye na wote wanajikuta wamejazana sehemu moja. Hiyo ni kesi maalumu, nakubali, siyo kila barabara. Lakini ile ya kawaida uliyoizoea wewe mwenyewe unaijua ukiamua kuwa mkweli: ukipanua, mwezi wa kwanza raha, halafu yule aliyekuwa anaamka saa kumi alfajiri kukwepa foleni anaanza kuondoka saa moja, yule wa basi ananunua gari, na mwenye mashamba kilomita 30 huko nje anayageuza viwanja kwa sababu sasa "ni dakika ishirini tu". Houston kule Marekani walimaliza kupanua barabara kuu ya Katy Freeway mwaka 2008, sehemu yake pana kabisa ukihesabu na barabara za pembeni inafika njia 26, na kufikia 2014 safari za saa za msongamano zilikuwa zimeshakuwa ndefu kuliko zilivyokuwa 2011. Njia ishirini na sita bwana.

Sasa sikwambii uache lami. Nakwambia ubadilishe kitu unachohesabu. Umezoea kuhesabu magari, hesabu watu. Njia moja ya magari binafsi inapitisha watu kama 600 hadi 1,600 kwa saa, ile ile ukiitenga kwa mabasi yanayopishana karibu karibu inapitisha 4,000 hadi 8,000. Upana ule ule, lami ile ile, tena na wewe ndiye utakayeijenga.

Na ukitaka kuona mainjinia na wapangaji wakifanya kazi bila kurushiana maneno, angalia Seoul. Mwaka 2003 wakaanza kubomoa barabara ya juu iliyokuwa imefunika mto wa Cheonggyecheon katikati ya jiji, kila mtu akasema jiji litasimama, mto ukafunguliwa 2005, karibu kilomita 6, na jiji halikusimama. Lakini wanaoisimulia kwenye makongamano wanakatia hapo, hawasemi kwamba Julai 2004, katikati ya ubomoaji ule ule, walipanga upya mabasi ya jiji zima, njia, rangi, nauli, njia maalumu za katikati ya barabara. Bila hiyo ya mabasi mto ungewageuka. Wala hawasemi kwamba wachuuzi wengi wa pale waliondolewa, wala kwamba maji yale mengi yake yanasukumwa na pampu. Mi bado nauona ni mradi mzuri. Ila picha ya mto peke yake ni nusu ya mchoro.

SWALI: Kila mwaka tunapanda miti barabarani, viongozi wanapiga picha, mwaka unaofuata tunapanda tena kwenye mashimo yale yale. Tunakosea wapi? — Koleo

JIBU: Kwenye hesabu, Koleo. Mnahesabu iliyopandwa, hesabuni iliyo hai baada ya miaka mitatu. Mche wa barabarani unataka maji misimu miwili mitatu hadi mizizi ishike, na udongo wa pale mara nyingi umeshindiliwa na mitambo ya barabara ukawa mgumu kama saruji, mizizi inazunguka humo humo shimoni kama mtu aliyefungiwa stoo. Mwaka huu pandeni robo tu ya idadi, mashimo yawe mapana mara tatu, na hela inayobaki mlipeni mtu wa maji, awe na jina na namba ya simu ambayo wakazi wanayo.

SWALI: Tunaishi kwenye nyumba zinazoitwa za kijani, zina matangi ya maji ya mvua, paneli za jua na pampu ya kurudisha maji ya kuoga yakatumike vyooni. Pampu imekufa, huu ni mwezi wa saba sasa, fundi anasema kipuri kinaagizwa nje. Wenye mradi walishakabidhi wakaondoka. Nani wa kulaumiwa? — Mpangaji wa Ghorofa ya Nne

JIBU: Yule aliyechora pampu bila kumchora fundi. Kwenye mipango miji kuna hadithi moja inasimuliwa vibaya kila mwaka, ya Pruitt-Igoe, zile nyumba za umma za St. Louis kule Marekani, majengo 33 ya ghorofa 11, wapangaji wa kwanza waliingia 1954 na kufikia 1972 zimeanza kulipuliwa. Wanafunzi wanaambiwa ni ushahidi kwamba maghorofa ni mabaya na wasanifu wa kisasa ni wabaya. Muundo ulikuwa na makosa yake kweli, lakini matengenezo yalitakiwa yalipwe kwa kodi za wapangaji, na wapangaji walikuwa maskini, na jiji lenyewe lilikuwa linapoteza watu. Nyumba zikibaki tupu kodi inapungua, kodi ikipungua lifti haitengenezwi, lifti isipotengenezwa aliyeweza kuhama anahama, na nyumba nyingine inabaki tupu. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma wa jiji lile wakagoma kulipa. Sasa hapo saruji ina kosa gani?

Linganisha na Singapore ambako karibu watu wanane kati ya kumi wanaishi kwenye maghorofa ya serikali na lifti zinafanya kazi. Kila kaya humo inalipa ada ya mwezi kwa baraza la eneo lake, na sehemu ya hela ile kisheria inaingia kwenye mifuko ambayo haiguswi kwa mambo ya kawaida, ni ya lifti, paa, rangi, vitu vinavyojulikana kwamba baada ya miaka kadhaa vitachoka. Haina mvuto wa kuwekwa kwenye jarida, lakini ndo inayofanya jengo liwe endelevu kuliko paneli yoyote.

Nyinyi anzeni na kudai makabidhiano ya maandishi: mwongozo wa mfumo, orodha ya vipuri na wanakouza, nani aliufunga. Mengi ya majengo haya hati hizo hazipo au ziko kwenye kompyuta ya mtu aliyehama. Halafu muulizeni fundi wenu wa karibu, kama angepewa nafasi angeweka pampu gani ambayo anaweza kuitengeneza Jumamosi bila kuagiza kitu. Inawezekana haitakuwa na ufanisi kama ile ya mwanzo. Iwekeni hivyo hivyo.

SWALI: Tumejengewa soko jipya, zuri, lina paa na vyoo. Wateja hawaji. Tumerudi kupanga bidhaa kando ya barabara, sasa tunafukuzwa kila siku na kuambiwa hatupendi maendeleo. — Wa Kando ya Barabara

JIBU: Kosa la namna hiyo nimelifanya mimi mwenyewe kwa mkono wangu, ngoja nikusimulie maana hadi leo likinijia nazima taa nilale. Miaka ya mwanzo ya kazi nilichora bustani ndogo kati ya makazi na kituo cha basi. Ofisi niliyokuwa nayo, siitaji, ilikuwa na picha ya anga ya zamani kabla kituo hakijahamishwa, na mimi sikwenda kuangalia, nikachora geti upande wa kaskazini kwa sababu kwenye karatasi ndo lilikaa vizuri, njia imenyooka, mti huku mti huku, safi. Uzio wa waya pande zote.

Miezi mitatu baada ya kufunguliwa nikapita kwa bahati. Geti limefungwa, komeo limeanza kutu. Lakini kona ya mbali kabisa, upande wa kituo, waya wa chini umekunjwa juu na kufungwa kwa kamba ya kiatu ili usirudi, ncha zake zimevishwa vipande vya tyubu ya baiskeli zisichane nguo za watu. Yaani kuna mtu alikaa chini akakata tyubu. Udongo hapo umekanyagwa hadi unang'aa, na pembeni kuna matofali mawili ya kukanyagia siku za matope. Nikasimama dakika ishirini nikahesabu watu 61 wanainama kupita, akiwemo bibi mmoja aliyepitisha kwanza mkoba halafu yeye. Nikapiga simu ofisini kwa furaha kabisa kwamba nimegundua mahali geti linapotakiwa kuwa, nikajibiwa asante, uzio utazibwa. Ukazibwa kweli. Wiki mbili baadaye umefunguliwa hatua nne pembeni, na tyubu mpya. Geti lilihamishwa baada ya mwaka na nusu.

Sasa soko lenu. Mchuuzi anaishi kwa miguu inayopita, hamvuti mtu kutoka kwake aje kununua, anamkamata akiwa njiani kwenda nyumbani. Ukimhamisha mita mia mbili tu nje ya njia ile umempa paa umemnyang'anya mteja. Kukwambia hupendi maendeleo ni sawa na mimi kumlaumu bibi kwa kuinama. Kama soko limeshajengwa na haliwezi kuhama, basi hamisheni miguu: ombeni kituo cha basi kisogezwe mlangoni pa soko, au mlango wa nyuma ufunguliwe uelekee kituo kilipo. Msiende na malalamiko matupu. Kaeni siku tatu, asubuhi na jioni, mhesabu watu wanaopita barabarani na wanaopita mbele ya soko, mpeleke namba hizo mbili kwenye karatasi moja. Afisa anaweza kubishana na mchuuzi, kubishana na namba mbili ni kazi zaidi.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa baraza. Wataalamu wananiletea mipango ya miaka 20 na mimi nina kipindi kimoja. Nataka barabara moja ya katikati ya mji iwe ya watembea kwa miguu, wenye maduka wamekataa katakata, wataalamu wanataka upembuzi yakinifu wa miaka miwili. Nifanyeje? — Kiti cha Moto

JIBU: Ijaribu kwanza, upembuzi utaendelea wakati watu wanaona. Curitiba kule Brazili mwaka 1972, meya Jaime Lerner aliifunga barabara kuu ya biashara kwa magari na kuigeuza ya waenda kwa miguu ndani ya saa 72, wikiendi, kabla mahakama hazijafunguliwa Jumatatu watu wakaenda kuomba zuio. Wenye maduka walikuwa wamewaka, baadaye wengine wakaanza kuomba iongezwe ifike na kwao. Wenye magari walipotishia kuingia nayo kwa nguvu walikuta watoto wamekaa katikati ya barabara wanapaka rangi kwenye makaratasi marefu yaliyotandazwa chini. Hiyo ya watoto naipenda lakini saa 72 siipendekezi sana, Lerner alikuwa meya wa kuteuliwa wakati wa utawala wa kijeshi, hakuwa na wapiga kura wa kumuuliza. Wewe unao.

Kwa mtu wa kura, Stockholm inafaa zaidi. Walitaka kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji na wengi walikuwa wanapinga. Wakafanya majaribio ya miezi saba, Januari hadi Julai 2006, mabasi yakiwa yameongezwa kabla, magari yakapungua karibu moja ya tano, mwisho wa majaribio tozo ikazimwa na foleni zikaanza kurudi. Septemba wakapiga kura. Wakazi wa jiji wakakubali, na mwaka 2007 ikawashwa moja kwa moja. Watu walipiga kura wakiwa wameshaishi nayo na wameshaishi bila. New York nao mwaka 2009 walipofunga sehemu ya Times Square samani zilikuwa hazijafika, wakanunua viti vya bei poa vya ufukweni vya kukunja, watu wakakaa, na mwaka uliofuata ikatangazwa ni ya kudumu.

Ila majaribio yana ujanja wake. Ukifunga barabara Jumatatu asubuhi bila kuwaambia watu, kama walivyolalamika wengi kule Poblenou jijini Barcelona mwaka 2016 kwenye ile mitaa yao iliyounganishwa na kufungwa kwa magari ya kupita, utatumia miezi kuzima moto ambao siku kumi za kuongea zingeuzuia. Na majaribio ya makopo ya maua ya plastiki yakikaa miaka minne yanageuka uchafu, kwa hiyo weka tarehe ya mwisho na tarehe ya kuamua, ziandikwe kwenye bango pale pale. Malori ya kushusha mizigo yapewe saa zao za asubuhi, hilo ndo mara nyingi mwenye duka analoliogopa hata kama mdomoni anasema kitu kingine, mkalishe umuulize mzigo wake unakuja saa ngapi na kwa gari gani.

Na kabla hujapaka rangi hata tone, hesabu. Watu wangapi wanapita, wangapi wanasimama, wangapi wanaingia dukani, Jumanne moja na Jumamosi moja, asubuhi, mchana na jioni. Mpe kazi hiyo yule mwanafildi wangu wa barua ya kwanza kama ofisi yenu iko karibu naye, ana muda. Maana mwezi wa pili mwenye duka atakuja kukwambia wateja wamepungua, na usipokuwa na karatasi ya kabla, utamwamini.